Moshi Machoni mwa Mama Mkubwa

Tuliitazama kwenye simu, watu wanne, vichwa vimegusana. Umeme ulikatika magharibi, simu ya mpwa wangu ilikuwa na chaji nusu, na filamu yenyewe ni ya saa mbili na dakika ishirini. Kwa hiyo hofu ya kwanza usiku ule haikuwa ya zimwi, ilikuwa ya betri. Nje, Gashoho ilishalala jinsi milima ya Muyinga, Burundi, inavyolala: mbwa mmoja, pikipiki moja, kisha kimya. Jikoni, hatua chache kutoka tulipoketi, mama mkubwa alikuwa akipuliza moto wa maharage ya kesho.

"Shangazi, hii usije ukaitazama peke yako," mpwa wangu aliniambia. Anasoma Bujumbura, ana miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameshaiona mara mbili. Mimi nimebakiza mwaka na miezi minne nifike hamsini. Nilidhani ananitania.

Filamu inaitwa The Substance. Imetungwa na kuongozwa na Mfaransa Coralie Fargeat, ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes Mei 2024 na kuondoka na tuzo ya mswada bora. Ni ile aina ya sinema za kutisha zisizohitaji mzimu wala muuaji mwenye panga. Kinachotisha ni mwili wenyewe: unavimba, unapasuka, unaota visivyopaswa kuota. Anayependa kutazama sinema huku anakula, hii aiache.

Elisabeth Sparkle aliwahi kuwa nyota wa sinema, na sasa anaendesha kipindi cha mazoezi ya viungo kwenye televisheni. Siku anayotimiza miaka hamsini, mkuu wake anamwachisha kazi wakiwa mezani, huku yeye mwenyewe anabugia kamba wa baharini, mafuta yanamtiririka, mdomo hauna breki. Baada ya hapo mama wa watu anapata ajali ya gari, na hospitalini kijana mmoja muuguzi anampenyezea flashi yenye tangazo la dawa. Dawa hiyo ni ya kijani. Unajidunga mara moja tu, unaanguka, mgongo unapasuka kama ganda la kunde, na ndani anatoka mwingine: wewe yuleyule, ila mbichi, huna hata kunyanzi moja. Huyo mpya anajiita Sue. Sharti ni siku saba kwa mmoja, siku saba kwa mwingine, bila kuzidisha. Anayepumzika hulala sakafuni bafuni kama maiti, analishwa kwa mpira. Na Sue, ili asianze kutetereka, hana budi kila siku kumchoma aliyelala sindano ya mgongoni na kumnyonya maji ya uti.

Bila shaka Sue anazidisha. Nani aliyezaliwa jana angekubali kurudi kulala sakafuni? Lakini kila saa anayoiba inakatwa kwenye mwili wa Elisabeth. Inaanza na kidole. Anaamka asubuhi, anatazama mkono wake, na kidole kimoja kimekuwa cha ajuza wa miaka tisini: kimekauka, fundo limetokeza, ukucha umegeuka rangi. Vingine vyote ni vilevile.

Hapo mpwa wangu aliisogeza simu ili tuone vizuri, na mwanga wa kioo ukamwangukia mkononi. Nikaona vifundo vya vidole vyake. Mkono mzima ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa; vifundo vilikuwa vyeusi, rangi yetu, rangi aliyozaliwa nayo. Sikusema kitu. Filamu iliendelea.

Kwa wasiojua: vifundo ndivyo humsaliti mtumiaji wa mkorogo wa kujichubua. Ngozi ya pale ni nene, inakunjwa na kukunjuliwa mchana kutwa, na krimu haishindi. Wakongo wana kejeli yao, uso Fanta, miguu Coca, na wanaicheka wenyewe wakiwa na kopo mkobani. Hidrokwinoni iliyomo kwenye krimu hizo hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kinachoiwezesha ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiitumia kwa miaka, hasa kwenye jua kali kama letu, rangi inayorudi si ya zamani: ni madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka tena. Zebaki huingia mwilini na kutafuta figo. Krimu kali za steroidi, ambazo daktari hukupa kwa wiki mbili kutibu ukurutu na muuza duka hukupa bila kukuwekea mwisho, huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara, kiasi kwamba mtu akifanyiwa upasuaji nyuzi hazina pa kushika. Yaani dawa iliyonunuliwa ili mtu aonekane msichana inampa ngozi ya kikongwe. Fargeat hakubuni sana.

Serikali zetu zimehangaika na krimu hizi. Rwanda, mwishoni mwa 2018, baada ya Rais Kagame kulizungumzia jambo hilo kwenye mtandao, polisi waliingia madukani na kuondoa krimu kwa makasha. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini 2013, uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi kuwa sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata kiasi hicho kisiruhusiwe tena. Kopo linajua njia za panya kuliko mikataba. Tena wanunuzi wenyewe hawaombi weupe kwa jina. Sikiliza sokoni: wanaomba ngozi ya mtoto.

Turudi kwenye simu. Watu wamesimulia sana mapovu na damu za filamu hii, lakini onyesho lililonikaa halina hata tone. Elisabeth amekutana na mwanamume waliyesoma pamoja zamani, mtu wa kawaida, asiye na sura ya kusifia, ambaye machoni pake yeye bado ni msichana mzuri kuliko wote. Wamepanga kwenda kula chakula cha jioni. Amevaa, amejipamba, amependeza. Anaelekea mlangoni, na kupitia dirishani anaiona picha kubwa ya Sue kwenye bango. Anarudi kwenye kioo. Anaongeza rangi ya mdomo. Anatoka, anarudi. Anafunika shingo kwa skafu. Anarudi tena, na safari hii anajifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua, mpaka rangi yote imesambaa mashavuni. Hatoki tena. Yule bwana anabaki kungoja huko mgahawani.

Wasichana watatu walionizunguka walicheka kidogo, kicheko cha kutojua. Mimi sikucheka. Nilikumbuka harusi moja mwaka juzi ambayo sikwenda, nikawaambia watu nina malaria.

Demi Moore, aliyemwigiza Elisabeth, alizaliwa 1962, na filamu ilipofika Cannes alikuwa na miaka 61. Usiku wa Golden Globe, Januari 2025, alisimama na tuzo mkononi akasimulia kwamba miaka thelathini nyuma mtayarishaji mmoja alimwambia yeye ni mwigizaji wa bisi, wa kutazamwa na watu wanaotafuna, si wa tuzo, na aliyaamini maneno hayo. Miezi miwili baadaye, kwenye Oscar, filamu ilipata tuzo ya urembuaji na mitindo ya nywele, kwa haki kabisa, kwa sababu makunyanzi, nundu na magamba yale yalikuwa kazi ya mikono, yalibandikwa ngozini kwa saa nyingi badala ya kuchorwa na kompyuta. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike akapewa Mikey Madison, binti wa miaka 25. Binti hana kosa, aliigiza vizuri. Ila ukikaa ukafikiri, ungesema Fargeat ndiye aliyeandika na mwisho huo.

Sasa nimseme kidogo Fargeat. Robo ya mwisho ya filamu yake haijui kunyamaza. Damu inamwagwa kwa mpira wa zimamoto, na mtu aliyekwisha kuogopa unamchosha ukiendelea kumtisha. Sisi tuliokolewa na betri: ilizima zimwi likipanda jukwaani usiku wa mkesha wa mwaka mpya, na mwisho niliuona kesho yake.

Lakini kabla ya hapo mama mkubwa alikuwa ametoka jikoni. Alisimama nyuma yetu akijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akatazama dakika kumi hivi bila kuelewa neno, kwa sababu filamu ni ya Kiingereza na mpwa wangu alikuwa akitafsiri nusunusu, Kiswahili na Kirundi mchanganyiko. Kisha akauliza:

"Huyu mama hana watu?"

Tukatazamana. Kweli, hana. Filamu nzima, mwanamke wa miaka hamsini, hana dada, hana mtoto, hana shoga, hana jirani wa kumwazima chumvi. Jirani pekee anayegonga mlango amekuja kulalamikia kelele. Angekuwa na shangazi mmoja tu, mmoja wa wale wanaoingia ndani bila kubisha hodi na kufungua kila mlango mpaka wa bafu, hadithi ingekwisha kwenye dakika ya arobaini.

Nililala na swali hilo nikiwa na furaha. Makala ilikuwa imeshajiandika kichwani: Wazungu hawana watu, sisi tunao. Kwao uzee ni aibu, kwetu ni heshima. Kwetu Burundi mtu mzima ndiye anayekaliwa chini na kusikilizwa, wazee wa ushingantahe ndio wanaosuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na mkecuru, yaani bibi kizee, akipita vijana wanasimama. Makala hiyo ingeandikika kwa saa moja, wasomaji wangeipenda, na ingekuwa uongo.

Kwa maana kutoka Muyinga ukifika Kobero unavuka mpaka. Ng'ambo ni Kabanga, kisha Ngara, na ukiifuata barabara ya malori yanayotuletea shehena kutoka Dar es Salaam utafika Kahama na Shinyanga, kwa Wasukuma. Huko wana watu. Wana koo, wana wajukuu, wana majirani wanaoingia bila hodi. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ilikuwa Usukumani, Mwanza na Shinyanga. Na haikukoma 1984. Katika miaka ya 2010 watetezi wa haki za binadamu walikuwa bado wakihesabu mamia.

Ushahidi ulikuwa nini? Macho. Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi. Hakuna uchunguzi mwingine. Sheria ya Uchawi ipo Tanganyika tangu enzi za Mwingereza, 1928, lakini waliokuja usiku na mapanga hawakuwa wamekuja kusoma sheria. Na mara nyingine waliowatuma walikuwa ndani ya ukoo, kwa sababu nyuma ya macho mekundu kulikuwa na shamba.

Yaani kuwa na watu kunategemea watu hao wanakutazamaje.

Kila aliyekaa jikoni na mwanamke mzee anajua macho yale yanatoka wapi. Yanatoka motoni. Mwanamke anayepika kwa kuni tangu ana miaka saba, na kule ambako kuni zimekwisha anapika kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya mahindi, katika kibanda kisicho na dirisha, huwa na miaka sitini ya moshi machoni. Ujana ni moshi, wahenga walisema, wakimaanisha unapaa na haurudi. Walisahau kusema kwamba moshi wenyewe haupotei. Unabaki kwenye macho ya aliyekuwa akipika huku wengine wakiuishi ujana wao. Kule Magu, mkoani Mwanza, mashirika ya kutetea wazee, HelpAge likiwemo, yaliwasaidia kina bibi kujenga majiko yanayopunguza moshi, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyo: macho yakipona, roho itasalimika. Sijui kama kuna mradi mwingine wa majiko duniani wenye sababu ya kutisha namna hiyo.

Moshi una mwenzake, nao ni trakoma. Bakteria huletwa na nzi, vidole na nguo za kujipangusia. Huwarudia watoto tena na tena, na makovu hujijenga taratibu ndani ya kope mpaka kope zinageuka, nywele zake zinaingia ndani na kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi, kwa sababu ndio wanaowabeba na kuwapangusa watoto wenye ugonjwa. Mwanamke anaambukizwa akiwa mama kijana, anaanza kupofuka akiwa bibi. Hapa Burundi uchunguzi wa 2009 na 2010 uliukuta ugonjwa huo katika wilaya 12 za afya. Dawa ikagawiwa, kope zikapasuliwa, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Burundi imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Habari hiyo ilipita magazetini siku moja ikasahaulika. Filamu ya mwanamke anayeogopa kuzeeka tumeizungumza mwaka mzima, na mimi hapa naizungumza bado.

Kuna hadithi mbili za kale za nchi hizi, Burundi na Rwanda, ambazo mama mkubwa alitusimulia tukiwa wadogo na ambazo zilinirudia usiku ule nikiwa macho kitandani. Ya kwanza: Imana, yaani Mungu, alimwambia mtu mmoja, leo usilale, nitakuja usiku nikuambie jambo jema. Mtu akalala. Nyoka alikuwepo pale ndani, akaitika badala yake. Imana akadhani anasema na mtu, akampa ahadi: utazeeka, lakini utapata ngozi mpya, wewe na wanao na wajukuu zako. Asubuhi mtu alipodai haki yake, ilikuwa imeshakwenda. Ndiyo maana nyoka hujivua gamba, nasi hatujivui. Tazama basi: dawa ya kijani ya Elisabeth ni ahadi ileile ya nyoka, imefungwa kwenye chupa na kupewa masharti.

Ya pili inasimuliwa kwa sauti ya chini zaidi. Imana alikuwa akimwinda Kifo, na aliwaamuru watu wote wabaki majumbani ili Kifo akose pa kujificha. Kikongwe mmoja akatoka kwenda kwenye migomba yake. Kifo akamjia mbio, akamsihi, mama nifiche. Akamficha chini ya nguo zake. Imana akasema, kama umemhurumia, basi kaa naye, wewe na kizazi chako.

Miaka yote nimezisikia hadithi hizo na sikuwahi kuziweka pamoja. Mwanamume alisinzia akapoteza ngozi mpya ya binadamu wote, na hakuna anayemtazama kwa jicho baya. Kikongwe alimhurumia mkimbizi, na ndiye tuliyemtwisha kifo. Anayefanana na mwisho wetu ndiye tunayemuwajibisha kwa mwisho wetu. Elisabeth alifungiwa bafuni kwa sababu hiyo, na kina bibi wa Usukumani walifuatwa vitandani kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba Elisabeth alijifungia mwenyewe. Alikuwa ameyameza macho ya watu mpaka yakawa yake.

Na mimi wa harusi ya mwaka juzi? Na kidole cha mpwa wangu?

Asubuhi nilimkuta uani akiosha uso. Nilitaka kumuuliza kuhusu krimu, nimetayarisha na maneno, figo na zebaki na yote hayo. Yeye akaniwahi. "Shangazi," akasema, "lile onyesho la kioo, wewe ulikaa kimya sana." Nikamwambia kuhusu malaria ya uongo. Akatazama vidole vyake, akavikunja, akavificha ndani ya kiganja. Hatukusema zaidi ya hapo. Teksi ya kwenda Bujumbura ilikuwa inaondoka saa tatu.

Kabla hajaondoka alitaka picha na bibi yake. Mama mkubwa hakutaka kutoka jikoni, maharage hayakuwa yameiva, kwa hiyo mpwa akaingia humo, akachuchumaa kando yake, akanyoosha mkono na simu. Mimi nilisimama mlangoni. Alipiga, akamwonyesha.

Simu hizi za bei nafuu zinakuja na urembo ukiwa umeshawashwa. Zinalainisha uso kabla hujaomba. Mama mkubwa aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa na mashavu ya mtungi na macho meupe kama ya mwana-kondoo.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

Akacheka. Akaweka kidole kwenye shavu lake la kushoto, penye kovu alilopata kwa uji wa moto akiwa mtoto, kovu ambalo dada zake walimtambulia kwa miaka sabini. Akalitafuta kovu hilo pichani kwa kidole hichohicho.

"Langu limekwenda wapi?"

Mpwa wangu akaichukua simu, akabonyeza mahali, akazima ule urembo. Akachuchumaa tena. Safari hii moto ulikuwa umezidi, moshi ukapita kati yao na simu, na wote wawili wakatoka wamefumba macho, machozi yanawatoka, makunyanzi na kovu vyote vipo. Mama mkubwa akasema hiyo ndiyo asafishiwe, aitundike.

Teksi ilikuwa inapiga honi barabarani.